Pande la Jumbe Mwinshehe

Hapo zamani, enzi zile jumbe akipiga chafya mji mzima unamwombea dua, alikuwako Jumbe Mwinshehe, mtu wa tumbo. Kwake yeye, pande la nyama halikuwa kipande. Kipande hukatwa, hugawiwa, mgeni akashukuru. Pande hujaza kiganja, haliguswi na kisu, na ni la jumbe peke yake.

Siku ya kumwoza bintiye alimwita mpishi, Bi Siwema, mjane aliyenyang'anywa shamba la bondeni na jumbe huyohuyo.

"Siwema, pande langu lifunge kamba ya ukindu iwe alama, lisije likapotelea kwa walafi."

"Nimesikia, Jumbe. Lakini nilikate japo mara mbili? Ni gumu."

"Ukilikata si pande tena!"

Basi likafungwa, likapikwa, likaletwa. Jumbe akalitia lote kinywani, ukindu ukining'inia kidevuni. Likamkwama. Macho yakamtoka. Wageni walikuwa wameinamia sinia. Nani atazame uso wa mtu pilau ikiwapo? Ila Kondo mdoezi, ambaye hata hakualikwa, alikuwa amelikodolea macho pande lile tangu jikoni. Akapiga ukelele: "Jumbe anakufa!" Mke mdogo, Mwanahawa, akaruka, akashika ukindu, akavuta. Pande likachomoka.

Jumbe alipopata pumzi alilia kama mtoto. "Wallahi, aliyeniokoa, shamba la bondeni ni lake!"

Siwema akasema, "Basi nipe, Jumbe. Bila ukindu wangu wangevuta nini? Wanangu wanalala njaa, na shamba la baba yao wanaliona kwa macho."

Kondo akasema, "Ukindu haupigi kelele. Nisingekuwa na roho ya kula, saa hizi tungekuwa matangani."

Mwanahawa akasema, "Na mimi je? Angekufa, ningekaa eda yangu nikastarehe. Hata hivyo nilivuta!"

Kufikia hapo koo la Jumbe lilikwisha kutulia, na machozi yamekauka. "Ukindu aliuamuru nani? Mimi. Basi nimejiokoa mwenyewe. Shamba langu."

Wazee wa mji wakaombwa waamue. Wakatazamana, midomo ikimeremeta mafuta ya Jumbe, wakasema pilau imekolea viungo.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi, ambao hamkula kwake: je, nani alistahili shamba la bondeni?