Hamsini na Nane Yashuka Daraja

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengi huitamka methali hii kwa wepesi, hasa wakiwa wamewashinda wenzao, maana kumhubiria aliyelala chini hakuna kazi. Lakini ina uzito wake pale inapomgeukia mtu mwenyewe. Mwalimu Chepkurui aliifundisha darasani miaka ishirini na sita, akaisahihisha katika madaftari yasiyohesabika, na bado ilipobisha hodi mlangoni pake hakuitambua.

Mwalimu huyo alikuwa kocha wa Hamsini na Nane, timu ya mtaa wa Section 58 mjini Nakuru. Timu ilicheza katika Ligi ya Bonde, ligi ya ridhaa yenye timu kumi. Kila mwaka timu iliyoshika mkia ilishushwa hadi ligi ndogo, na bingwa wa ligi ndogo akapanda kuchukua nafasi hiyo. Kwa miaka kumi na mmoja chini ya Chepkurui, Hamsini na Nane haikuwa imeshuka hata mara moja, na hilo alilionea fahari kuliko kombe lolote. Kombe lenyewe, tusifichane, hawakuwa nalo.

Mwaka huo mwenyekiti wa ligi alikuwa Weldon Kosgei, mwanafunzi wake wa zamani. Weldon alikuwa ameenda Marekani kwa ufadhili wa riadha, akaishi Ohio miaka kumi na minne kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa mchangamfu na mwenye moyo mweupe, ila kila sentensi yake ya tatu ilianza na "kule Ohio", mpaka wazee wakamwuliza kwao ni Ohio au ni Njoro.

Hata hivyo, mgeni njoo mwenyeji apone. Kabla ya Weldon, mashabiki wa Section 58 walitapakaa kando ya uwanja wakitafuna miwa, na timu ikifungwa mawili walikwenda zao. Yeye aliwaeleza kwamba kule mashabiki hukusanyika nyuma ya goli moja, husimama dakika zote tisini, hupiga ngoma na kuimba hata timu ikifungwa matano. Kiongozi wao huupa uwanja mgongo mchezo mzima ili awaongoze wenzake. Abdirashid, muuza viatu vya mitumba, akaidaka kazi hiyo. Alisimama juu ya pipa kila Jumapili, na mechi ikiisha aliuliza, "Kwani tumetoka ngapi?" Watu walidhani anatania, kumbe kweli hakuona bao hata moja.

Nyimbo zilinoga, lakini mabao yaliadimika. Mshambuliaji mmoja alipata kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, mwingine akavunjika mguu, na hadi kufikia mechi ya mwisho Hamsini na Nane ilikuwa mkiani. Sare moja tu ingeiokoa. Chepkurui hakulala vizuri wiki nzima. Aliogopa kwamba timu ikishuka, wachezaji watatawanyika, nao mashabiki waliopatikana kwa shida watarudi kwenye miwa yao.

Jumatano Weldon alimtembelea nyumbani.

"Madam, shida yako imeisha," alisema hata kabla ya kuketi. "Kule States hakuna kushushwa daraja. Timu ikishalipia nafasi yake kwa ligi, iko ndani. Ikishika mkia, mwaka ujao inarudi ligi ile ile na kujipanga upya. Wanagawanya timu mashariki na magharibi, halafu wale wazuri wanaingia mtoano. Fans hawapotei, maana timu haiendi popote. Jumamosi ya wiki ijayo naleta hiyo maneno kwa mkutano. Nahitaji kura sita kati ya kumi, na tano ninazo."

"Ya sita ni ya nani?"

"Si ni yako, madam!"

"Na Kabazi? Si wao ndio mabingwa wa ligi ndogo?"

Weldon alikuna kichwa. "Kabazi watangoja. Kwanza tujijenge sisi."

Chepkurui alipaswa kuuliza zaidi, lakini hakuuliza. Usiku huo alilala usingizi wa pono. Nakuru nayo haina siri: kufikia Ijumaa kila mtu mtaani alijua kwamba hakuna timu itakayoshuka.

Jumapili ikafika. Wachezaji wa Hamsini na Nane waliingia uwanjani kama watu wanaokwenda kununua maziwa. Walifungwa bao la kwanza, wakatazamana. Wakafungwa la pili. Wakati wa mapumziko Chepkurui alitaka kuwakemea, akaishia kuwagawia maji. Angewaambia wapiganie nini? Bao la tatu lilipoingia, kipa wao, Sufyan, aligeuka kwa mashabiki huku akicheka.

"Msijali, buda! Hatushuki!"

Nyuma ya goli, Abdirashid alikuwa juu ya pipa, mgongo uwanjani, mishipa ya shingo imemtoka, akiwaongoza watu mia mbili kuwaimbia vijana ambao hawakuwa wakikimbia. Chepkurui alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona katika miaka yote kumi na mmoja. Mechi iliisha nne bila.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Nahodha wa Kabazi, mkulima aitwaye Ndung'u, aliketi nyuma kabisa, kofia magotini, kwa sababu timu yake haikuwa na kura. Weldon alieleza pendekezo lake kwa ufasaha, kisha akaomba mikono ya wanaoliunga mkono. Mitano ikainuka. Macho yote yakamgeukia Chepkurui, ambaye mikono yake ilikuwa mapajani.

"Madam?" Weldon aliita taratibu.

Chepkurui alisimama.

"Weldon, sheria ya kule inawafaa wenyewe. Wanaijua kabla mpira haujapigwa. Sisi tunataka kuibadilisha tukiwa tumeshafungwa. Jumapili nilihitaji sare tu. Vijana wangu hawakukimbia, kwa sababu walisikia hakuna kushuka. Na mimi mwenyewe sikuwakimbiza, kwa sababu hata mimi nilisikia. Tumeshindwa. Kabazi wamepanda." Alimgeukia Ndung'u. "Karibuni kwenye ligi."

Ndung'u alitoka nyuma akaja kumpa mkono. Tano kwa tano, pendekezo likaanguka.

"Madam, umeniangusha," Weldon alisema kwa sauti ya chini.

"Sijakuangusha, mwanangu. Ngoma ulizotuletea tunabaki nazo."

Weldon alitaka kununa, lakini kununiana na mtu aliyekufundisha kusoma ni kazi ngumu. Akacheka.

Nje ya ukumbi mashabiki walikuwa wakisubiri kushangilia. Chepkurui alipiga moyo konde akawaambia bila kuzunguka, "Tumeshuka. Ni mimi nimekataa kuwaokoa." Ngoma zilizokuwa tayari zikashushwa chini.

"Sasa mechi ya kwanza huko chini ni wapi?" Abdirashid aliuliza hatimaye.

"Olenguruone. Machi."

"Olenguruone ni baridi, wasee," akawageukia wenzake. "Mtu abebe sweta. Na tutafute lori mapema."

Machi ilipofika walikwenda kweli, watu mia moja na zaidi, ndani ya lori la viazi. Ukungu ulikuwa mzito na uwanja ulikuwa tope tupu. Hamsini na Nane walikimbia kama waliofukuzwa na nyuki, wakaanguka, wakainuka, wakapiga mwamba mara mbili. Hata hivyo, wenyeji waliwafunga mawili kwa moja. Nyuma ya goli wimbo haukukatika.

Kipyenga cha mwisho kilipolia, Sufyan alikwenda kumpa mkono kila mchezaji wa Olenguruone, kisha akamfuata kocha wake huku tope likimtiririka hadi kidevuni.

"Madam, lile bao la pili ni langu. Nilitoka golini mapema. Kesho tunaanza mazoezi saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi," Chepkurui alijibu, na furaha ikamjaa kifuani kama mtu aliyetwaa kombe, kwa kuwa alijua sasa kwamba ana timu. Na timu ni ile iliyojifunza hesabu hii ya wahenga isiyo na njia ya mkato: asiyekubali kushindwa si mshindani.