Kwikwi ya Liwali Khelef

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanasafiri siku mbili kwenda kula harusi, mji wa Vikunguni ulikuwa na liwali aitwaye Khelef, na Liwali Khelef alikuwa na kwikwi.

Si kwikwi ya kunywa maji ikaisha. Hii ilikuwa siku yake ya kumi na tisa. Alikula na kwikwi, akahukumu na kwikwi. Watu wawili waligombea mpaka wa shamba, naye akasema mpaka upite kwenye mku, kwi, yu. Mmoja akadai amesikia mkuyu, mwingine akaapa amesikia mkuki, wakarudi nyumbani wamegombana kuliko walivyokuja.

Yote hayo yalivumilika. Lisilovumilika lilikuwa Ijumaa. Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Liwali alikuwa amuoze binti yake wa pekee, Sauda, na alikwisha kuweka nadhiri kwamba maneno ya kuoza atayatamka kwa kinywa chake, hatamweka wakili. Walipofanya majaribio alisema, "Nimekuo, kwi, za." Kadhi akakunja uso. Mjomba wa bwana harusi akauliza kwa adabu kama kijana wao ameozwa nusu. Sauda akaingia ndani akalia.

Basi Liwali akatangaza kwamba atakayemwondolea kwikwi atapewa Kidoti, ng'ombe wake wa maziwa.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Bi Mwanasiti, mkunga, aliyempokea Sauda siku aliyozaliwa. Huyu mama alikuwa na desturi moja iliyojulikana mji mzima. Ujanani aliwahi kuitwa kuzalisha, akafika na kila kitu isipokuwa wembe. Alikimbia kuurudia mbio za aibu, na ingawa mama na mtoto walipona, yeye hakuisahau ile njia. Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti cha mzazi bila kusimama mlangoni na kujiuliza kwa sauti: wembe? Upo. Uzi? Upo. Maji ya moto? Yapo. Mambo kumi na moja, moja moja, hata kama mzazi anamtukana kutoka ndani. Watu walimcheka, kisha wakamwiga. Fundi Kombo, mwashi, alikuwa wa kwanza, baada ya ukuta wake mmoja kulala chini. Naye akawa hapandi juu bila kuuliza: timazi? Ipo. Ndoo? Ipo. Kamba? Ipo.

Bi Mwanasiti hakuleta dawa. Alichukua kipande cha mkaa, akamuuliza Liwali kwikwi ilianza lini na siku hiyo kulikuwa na kipya gani nyumbani, akaandika majibu ukutani. Vikapatikana vipya vitatu: kahawa ya tangawizi, kiti kirefu cha kuegemea, na achari ya embe yenye pilipili, ambayo Liwali aliila kwa kijiko kama uji. Akasema vitaondolewa kimoja kimoja, siku mbili mbili, na katika siku hizo Liwali asiguse dawa ya mtu yeyote. Alipoulizwa kwa nini asiviondoe vyote siku moja, alijibu kwamba kwikwi ikiisha hivyo hatajua kilichoileta, na ikirudi watakuwa palepale.

Ikaondolewa kahawa, Jumamosi na Jumapili. Kwikwi hamsini kabla ya adhuhuri, kama kawaida. Kikaondolewa kiti, Jumatatu na Jumanne. Kwikwi hamsini na mbili, na Liwali akawa anaumwa mgongo. Ikaondolewa achari Jumatano. Thelathini. Alhamisi, kumi na tisa. Bi Mwanasiti alizihesabu mara mbili ukutani. Aliagiza jikoni pakaguliwe, kila chenye pilipili kitolewe, na wanyama wote waliokuwa wakizurura humo wafungwe uani.

Asilolijua ni kwamba Mzee Chande, muuza mitishamba, alikuwa akipita dirishani kila alfajiri tangu Jumatano hiyohiyo, pamoja na mbuzi wake aliyependa kujipenyeza jikoni, na Liwali, aliyekwisha kukata tamaa, akawa anakunywa kikombe cha karafuu na ndimu na kitu kingine kichungu ambacho Mzee Chande hakukitaja.

Ikafika Ijumaa. Wageni wamejaa barazani, kadhi yupo, bwana harusi analowa jasho ndani ya joho. Kwikwi ilikuwa imepungua lakini haijakwisha. Wakati huo Fundi Kombo alikuwa juu ya ukingo wa baraza, anamalizia chokaa ambayo ilipaswa kumalizika juzi. Alikuwa na haraka. Aliuliza maswali yake yote na kujijibu bila kutazama. Kamba? Ipo. Na kweli kamba ilikuwepo, imeshikilia ndoo ya chokaa, mwisho wake umefungwa uani. Ila nusu yake ilikuwa imeshatafunwa na mbuzi wa Mzee Chande, aliyetolewa jikoni akafungwa uani, karibu kabisa na mwisho wa ile kamba.

Liwali akashika mkono wa mkwewe. Akafungua kinywa. Kamba ikakatika, na ndoo nzima ya maji ya chokaa ikatua mbele ya miguu yake kwa kishindo, ikamwogesha yeye, kadhi na mjomba.

Liwali, mweupe kama ukuta, akasubiri. Watu wote wakasubiri. Kwikwi haikuja. Ndipo akasema upesi, kabla haijabadili nia, "Nimekuoza binti yangu Sauda," akaendelea mpaka mwisho bila kukwama, na bwana harusi akakubali, na vigelegele vikapasua hewa.

Pilau ilikuwa bado haijaliwa walipofika watatu mbele ya Liwali, kila mmoja na kibuyu chake cha kukamulia.

Mzee Chande akasema, "Dawa yangu ni ya siku tatu, na leo ni ya tatu. Na hata mkisema ni ndoo, iliyokata kamba ni meno ya mbuzi wangu. Ama kwa kikombe, ama kwa mbuzi, ng'ombe ni wangu."

Fundi Kombo akasema, "Mbuzi alitafuna kamba tu. Ndoo ni yangu, chokaa ni yangu, na bila mimi kuwa pale juu kamba ingemkatikia nani? Ndoo ilipotua, kwikwi ilikoma saa ileile. Mliona wenyewe."

Mjomba wa bwana harusi, akifuta chokaa masikioni, akauliza tangu lini uzembe unalipwa ng'ombe.

Zamu ya Bi Mwanasiti ikafika. Alimtaka Kidoti kuliko wote, maana alikuwa na wazazi watatu mjini ambao maziwa yamewakauka. Akasema, "Mimi niliondoa achari, na hesabu ikashuka. Mbuzi mwenyewe alifungwa uani kwa amri yangu. Lakini dawa iliingia siku ileile, kwa hiyo siwezi kuapa. Mrudishieni Liwali achari leo. Kwikwi ikirudi, tutajua."

Liwali alijifunika kinywa kwa mikono miwili. Akasema hatagusa achari mpaka afe, na dawa hanywi tena, na ndoo isimkaribie. Kadhi akamuuliza Bi Mwanasiti kama hawezi kuapa walau kidogo tu. Mama akatikisa kichwa.

Huko uani Kidoti analia, chuchu zimemjaa, na Liwali anawatazama hao watatu na vibuyu vyao. Nyinyi mnaonisikiliza, mmeyaona yote tangu mwanzo. Msemeeni basi: je, kibuyu cha nani kiwekwe chini ya ng'ombe?