Tangawizi ya Alfajiri

Ko, ko, ko. Kabla ya adhana ya alfajiri, mjukuu wangu Saumu alikuwa jikoni akinitwangia tangawizi kwenye kinu kidogo, maana yeye na kaka yake walinikuta nakohoa walipokuja kunitembelea. Kaka huyo, Twaha, alikuwa akikuna nazi huku akimchokoza.

"Unasema humjui yule kijana wa duka la vitambaa, lakini jana umemtaja mara ngapi? Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki!"

"Nyamaza wewe! Bibi, mwambie anyamaze. Na hayo maneno ya kikohozi yametoka wapi?"

Nikawaambia wasogeze mkeka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Methali hii ilianza hivi, kama nilivyoisikia kwa mama yangu, naye kwa mama yake.

Zamani, mji wetu ulipokuwa bado na ukuta wa mawe na mlango mmoja uliofungwa jua likichwa, alikuwapo mjane jina lake Mwanamize. Nyumba yake alijengewa na baba yake, naye baba alikuwa amekwisha kufa. Hakuwa na kaka wala ami. Ada ya siku zile, ingawa si ya dini, ilikuwa mjane arithiwe na ndugu wa marehemu. Shemeji yake, Mwinyikombo, alikuwa na wake wawili na alimtaka awe wa tatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuitikiwa ndiyo. Mwanamize hakumtaka, lakini mwanamke peke yake angewezaje kuushinda mji mzima?

Wakati huohuo alikuja fundi wa viatu vya ngozi, mgeni, jina lake Msellem. Kazi yake ilikuwa safi, lakini sheria ya mji ilikuwa mgeni asiye na mke asilale ndani ya ukuta. Kila magharibi Msellem alibeba ngozi zake akaenda kulala nje na punda, na mvua iliponyesha ngozi ziliharibika.

Siku moja Mwanamize alimpelekea viatu vya kutengeneza, akamwambia bila kuzunguka, "Fundi, wewe huna pa kulala, na mimi sina wa kunikinga. Nioe. Utakaa chumba cha uani, mimi cha ndani. Kila mtu atajipikia. Mtama ukivunwa, shemeji atakuwa amekwisha kukata tamaa, nawe mji utakuwa umekuzoea. Utaniacha kwa wema."

Msellem alifikiri, akasema, "Na viatu hivi sitaki ujira wake." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya posa.

Kwa kuwa Mwanamize hakuwa na ndugu wa kiume, kadhi mwenyewe alisimama kuwa walii wake, akawaoza. Hakuambiwa habari ya mtama.

Wakakaa kama walivyoagana. Lakini fundi wa ngozi hutumia magome ya miti ya mikandaa kutengenezea ngozi, naye Msellem aliyatwanga uani. Vumbi likaingia ndani, Mwanamize akaanza kukohoa, na alikohoa zaidi kabla ya alfajiri. Msellem aliona haya, kwani vumbi lilikuwa lake. Akahamishia magome nje ya ukuta. Kisha, kila siku kabla ya kwenda kusali, alitwanga tangawizi, akaichemsha na asali kidogo, akaweka kikombe mlangoni pa chumba cha ndani na kuondoka bila kubisha. Mwanamize alikinywa, akakiosha, akakirudisha uani. Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja. Waliagana kila mtu ajipikie, na tangawizi nayo hupikwa.

Mtama ukavunwa. Ukapandwa mwingine. Ndipo jirani mmoja, aliyesikia maagano yao siku ile ya viatu, alipoteleza ulimi, habari ikamfikia Mwinyikombo. Akaenda kwa kadhi mbio. "Ndoa yenye siku ya mwisho si ndoa! Ivunje, mjane wa ndugu yangu arudi kwetu."

Kadhi akawaita. Wanaume walijaa barazani, Mwanamize akakaa nyuma ya pazia.

"Fundi," kadhi akasema, "ulimwoa huyu kwa kuweka siku ya kumwacha?"

Msellem hakujua kusema uongo. "Tuliambizana hivyo, kadhi. Mtama ukivunwa."

"Mtama umevunwa, na wa pili una masuke. Mbona hujamwacha?"

"Nilikuwa na viatu vingi vya kushona."

Watu wakacheka. Msellem akainama. "Nilisahau, kadhi."

"Alisahau!" Mwinyikombo akadakia. "Mtu husahau mkoba, husahau fimbo. Nani husahau talaka?"

Lakini kadhi hakucheka. "Nilikuwa walii wa mwanamke huyu, nanyi mkanifanya nimkodishe kama punda! Sasa nauliza mara moja tu. Kama kuna mapenzi baina yenu, nitaifunga ndoa hii upya, isiyo na mwisho. Kama hakuna, naivunja hapa hapa."

Msellem aliona kwamba kudai mapenzi ya mwanamke ambaye hakuyasema ni kama kuingia chumba cha ndani bila kubisha. Akasema polepole, "Tulipatana, kadhi. Yeye ni mwenye nyumba, na mimi ni mpangaji wake. Mapenzi hayaku..."

Nyuma ya pazia Mwanamize akapaliwa na hofu, akakohoa.

Msellem hakumaliza neno lake. Aliinuka mbele ya watu wote, akafungua fundo la ncha ya kikoi chake, akatoa kipande cha tangawizi kilichokwisha kumenywa, akakipitisha chini ya pazia. Mkono ukakipokea. Ndipo alipokumbuka yuko wapi.

Baraza lote likamgeukia kadhi.

"Nini hicho?" kadhi akauliza.

"Tangawizi. Hukohoa alfajiri."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Kadhi akageukia pazia. "Bi Mwanamize, kikohozi cha mwaka mzima! Hukitafutii dawa?"

Sauti ndogo ikasema, "Kilipona, kadhi. Kabla ya mtama kuvunwa."

"Na hicho cha kila alfajiri?"

"Nilikohoa ili asiache kutwanga."

Watu walicheka mpaka wengine wakavua kofia kujipepea. Msellem peke yake hakucheka. Alilielekea pazia, akasema kama vile wako wawili tu, "Nilijua. Kikohozi cha kweli hakingoji mpaka mtu awashe taa."

"Ulijua, na ukaendelea kutwanga?"

"Ungeacha kukohoa, ningekuletea kikombe kwa sababu gani?"

Kadhi akajifuta macho, akasema, "Hawa wamefichana katika nyumba moja, na mimi nawauliza kama kuna mapenzi! Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki." Akawaoza upya palepale.

Mwinyikombo alikaa kidogo, akatikisa kichwa. "Mimi nikikohoa kwangu, wake zangu hunigeuzia mgongo." Akaenda zake. Lakini jioni alituma mbuzi wa karamu, na kwa hilo mama yangu hakuacha kumsifu.

Nilipomaliza, Saumu alikuwa ameshika kikombe changu, kimepoa mikononi mwake.

"Bibi," Twaha akasema, akinitazama kwa jicho la pembeni, "sisi tuko hapa tangu jana kutwa, na sijakusikia ukikohoa ila Saumu akipita."

Wajukuu wa siku hizi hawana dogo. Nilikunywa tangawizi yangu, ilikuwa tamu. Mapenzi ni kikohozi, wanangu, hayafichiki. Kifua changu kimepona tangu juzi. Lakini Ijumaa ijayo njooni tena, nitakohoa.