Mlango wa Sindano

Ajuaye mlango hamkimbizi mwizi. Asubuhi mmemsikia mama mmoja sokoni akimwambia mwenziwe maneno haya, nanyi mmekuja kuniuliza ni mwizi gani huyo asiyekimbizwa, na mlango wenyewe ni upi. Kaeni basi. Methali hii si ya wahenga wa kale. Baadhi ya walioiona ikizaliwa wangali hai, na chanzo chake ni hiki.

Forodha ya Shangamu ilikuwa na boti tatu za doria. Mbili, Mwewe na Kozi, zilikuwa mpya, na injini zake ziliponguruma gatini vikombe vilitikisika mezani. Ya tatu iliitwa Kasa. Ilikuwa kuukuu, bapa chini kama sinia, na mwendo wake ulimsinzisha hata aliyeshika usukani. Nahodha wake alikuwa Mwanamvua binti Shaali, afisa wa forodha kwa miaka kumi na minane. Mwewe na Kozi zilipokwenda kulinda mpaka, yeye alipeleka maji ya kunywa na unga kwa walinzi wa kisiwani. Hakulalamika. Lakini kila zilipoondoka, alisimama akazitazama mpaka zikapotea machoni.

Mwaka huo magendo yalikuwa yamekithiri, na mabaya kuliko yote yalikuwa magendo ya dawa. Vidonge vya malaria viliuzwa madukani kwa bei ya chini, katika paketi nzuri zenye kung'aa, kumbe ndani ni chokaa. Dada yake Mwanamvua alimnunulia mwanawe Ruzuna vidonge hivyo. Mtoto alimaliza dozi yote bila kuruka hata siku moja. Siku ya tano wakamzika.

Mwenye mzigo huo alijulikana. Jina lake Tindo, na boti yake nyeupe ilikuwa na injini mbili. Mara nne Mwewe na Kozi ziliikuta ndani ya ghuba zikaifukuza, na mara nne iliziponyoka. Ghuba ya Shangamu imezungukwa na mwamba, na watu wote walijua kwamba boti hutokea kwenye pengo la mwamba liitwalo Mlango Mkuu. Lakini Tindo alikuwa akipenya mahali pengine, kwenye mawe, ambapo boti za doria hazikuthubutu kumfuata kwa kuwa zilihitaji kina kirefu. Zilipozunguka hadi Mlango Mkuu na kutoka nje, yeye alikuwa amekwisha kuvuka mpaka wa majini, na huko sheria haikuruhusu kufuata. Mara ya nne Mwewe ilijaribu kumfuata ikagonga jiwe, na baharia mmoja akavunjika mguu.

Kamanda wa doria, Afande Mbaruku, alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila aliamini injini. Akaandika barua kuomba boti yenye kasi zaidi.

Mwanamvua hakuandika barua. Alichukua daftari la doria akatazama tarehe za zile mbio nne. Zote ziliangukia siku za bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana. Basi bamvua lililofuata, maji yalipokupwa, alivua viatu, akakunja suruali ya sare, akaingia mwambani pamoja na wanawake wanaochokoa pweza. Hakuwa mgeni huko. Kabla ya kujua kusoma alikuwa akimfuata mama yake juu ya mwamba ule na kijiti mkononi. Mwamba aliujua kwa nyayo.

Wanawake wale waliongozwa na Bi Kirembo, mtu mzima mwenye maneno machache.

"Shikamoo, Bi Kirembo."

"Marahaba, mwanangu. Serikali siku hizi inakula pweza?"

"Natafuta mahali boti inapopita."

Bi Kirembo hakuuliza boti gani. Alimpeleka mpaka kwenye mwanya mwembamba baina ya mawe mawili, uitwao Mlango wa Sindano, akamwonyesha kwa kijiti chake. Jiwe la upande mmoja lilikuwa na alama ndefu ya rangi nyeupe.

Mwanamvua alirudi kwa kamanda.

"Afande, mlango ule unafunguka kwa muda wa saa tatu tu, na ni siku za bamvua peke yake. Tindo huingia maji yakijaa, hushusha mzigo mikokoni, na hutoka kabla hayajapungua. Kasa ni bapa, inaweza kukaa palepale mlangoni. Naomba siku moja. Na Mwewe na Kozi zisitoke, zisije zikamshtua."

"Zisitoke?" Kamanda aliguna. "Kasa imshike Tindo? Mwanamvua, boti ile hata bata anaipita."

"Ndiyo, Afande. Lakini bata hawezi kupita mahali ilipokaa."

 Kamanda alikuwa ametoka hospitali kumwangalia yule baharia aliyevunjika mguu. Akasema, "Siku moja."

Bamvua likafika. Maji yalijaa pomoni saa tisa alasiri, na boti nyeupe ikapenya Sindano ikaelekea mikokoni. Kasa ilikuwa imejificha nyuma ya kisiwa kidogo. Ilijikokota taratibu mpaka mlangoni, ikalala kingamo ikauziba mwanya, ikatia nanga mbele na nyuma. Ndani mlikuwa na Mwanamvua, askari wawili, na fundi wa injini aitwaye Pandu. Mwanamvua akamwambia Pandu azime injini.

Haukupita muda mrefu, Tindo akatokea. Hakuwa amemaliza hata nusu ya mzigo, kwani mpelelezi wake alikuwa ameiona Kasa. Boti ilikuja kwa kasi, pua juu, povu nyuma.

"Anatujia!" Pandu alipiga kelele. "Dada, niwashe tuondoke?"

"Usiguse."

"Atatupasua!"

"Akitupasua naye atapasuka, na anajua."

Tindo alikata mwendo hatua chache kabla ya kugonga. "Ondoa sufuria lako, mama!" alifoka. "Nina haraka!"

"Najua," alijibu Mwanamvua. "Maji yanashuka. Lakini mimi sina pa kwenda."

Tindo alitazama kulia, akatazama kushoto. Upande wa kushoto maji yalionekana mapana na tulivu. Akageuza usukani.

Hapo Mwanamvua angeweza kunyamaza. Alimkumbuka Ruzuna. Aliwatazama wapagazi watatu waliokuwa pamoja na Tindo, wamejishika kwenye masanduku. Akapaza sauti: "Kushoto kuna jiwe! Liko shubiri mbili chini ya maji! Ukipita kwa mwendo huo utawaua wenzio!"

"Mwongo!"

"Nimelikanyaga kwa mguu wangu tangu sina meno! Pima!"

Mpagazi mmoja akatumbukiza pondo, mti mrefu wa kusukumia boti. Likagota papo hapo. Mtu yule aligeuka, akamsukuma Tindo kando, akazima injini mwenyewe.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Maji yaliondoka kama yanavyoondoka siku zote, bila haraka. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro, boti iliyokuwa na kasi kuliko zote pwani ile ililala ubavu mchangani. Mwanamvua akavua viatu, akateremka na askari wake wawili, wakaenda kumkamata Tindo kwa miguu, maji yakiwafika magotini.

Akafungua sanduku moja, akatoa kidonge, akakisaga kwa vidole. Kikawa unga mweupe. Akaketi pale pale kwenye ukingo wa boti.

Afande Mbaruku alifika kwa miguu kutoka ufukoni, viatu mkononi, akichechemea juu ya mawe. Wanawake wa pweza walikuwa wamekwisha kukusanyika.

"Umemkimbizaje huyu?" aliuliza, akihema.

Mwanamvua alinyanyua kichwa, lakini Bi Kirembo ndiye aliyejibu. "Kumkimbiza kwa nini, baba? Ajuaye mlango hamkimbizi mwizi."

Wanawake wakacheka, wakaondoka na neno hilo, na kesho yake lilikuwa sokoni.

Kamanda hakucheka. Aliirarua ile barua ya kuomba boti nyingine. Akamkabidhi Mwanamvua doria yote ya mpaka, Mwewe na Kozi pamoja na Kasa, na akatoa amri kwamba hakuna nahodha atakayeshika usukani Shangamu kabla hajautembea mwamba mzima, peku, bamvua kwa bamvua. Yeye mwenyewe alitangulia, mtu mzima na kitambi chake, kijiti mkononi, Bi Kirembo akimwelekeza pa kukanyaga. Askari mmoja kijana, nyayo zimemchubuka, akamwuliza: "Afande, boti zetu zina injini kubwa namna ile. Mawe haya tunayahesabu ya nini?"

Kamanda akasimama, maji yakimpita baina ya vidole vya miguu, akamwambia: "Ajuaye mlango, kijana, hamkimbizi mwizi."