Breki ya Pikipiki ya Zahanati

Apimaye kilicholika huchonga pengo. Mmemsikia fundi wa stendi akimtupia mwenzake maneno hayo, mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza yametoka wapi. Mimi sikupita darasa la tatu, wanangu, lakini jambo hili sikulisoma popote. Nilikuwepo. Chanzo chake ni hiki.

Zahanati yetu ya huku mlimani ilikuwa na pikipiki ya kizamani, yenye kitanda cha mgonjwa ubavuni juu ya gurudumu la tatu. Wamisionari waliiacha walipoondoka. Kiwanda kilichoiunda kilishafungwa, kwa hiyo kipuri chake hukipati Tanga wala Dar. Kikivunjika, kichongwe. Breki ya mbele ilikuwa imekufa zamani. Tuliishi kwa breki ya nyuma, ile ya kukanyaga.

Siku moja ndani ya breki hiyo kikakatika kipande cha chuma ambacho mafundi wanakiita kamu. Ni kijiti chenye kichwa bapa. Ukikanyaga pedeli, kinageuka na kuvitanua viatu vya breki vibane gurudumu kwa ndani. Basi, kazi yake ndiyo hiyo.

Akaitwa Hoza, mhunzi wetu, aliyekuwa akitengeneza majembe kwa springi za malori. Akavigeuzageuza vile vipande, akamwambia mwenyekiti wa kijiji, mzee Shekilindi:

“Mwenyekiti, hiki kimetumika miaka mingi. Ningepata kuona kisichotumika. Wilayani kuna pikipiki kama hii, wameifungia stoo.”

“Ile ni mali ya serikali.”

“Sitaki kuichukua. Nataka kupima tu.”

“Kupima mpaka uifungue, na kuifungua mpaka kibali. Kibali atakiandika nani, mjomba wako? Mgeni wa wilaya anakuja Ijumaa kukagua zahanati. Cha kupimia unacho mkononi. Tengeneza kama hicho.”

Hoza akacheka kidogo, akasema sawa. Ndivyo tulivyo. Mkubwa akishataja mgeni, mdogo anasema sawa.

Akakata kipande cha ekseli ya lori, akakaa nacho na tupa. Chuma kile kilikuwa kigumu, kikazila tupa zake mpaka zikabaki laini kama kijiko. Kila akipiga kidogo, anakilaza ubavuni mwa kile cha zamani, anapapasa, anapiga tena. Alipomaliza, ungefumba macho usingejua kipi kipya na kipi kikuukuu. Ijumaa mgeni aliviweka vyote viwili kiganjani, akavipapasa, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Tukapiga makofi. Pikipiki ikazungushwa kwenye uwanja wa mpira, ikasimama. Ilisimama kwa kujivuta, lakini ndivyo ilivyokuwa ikisimama miaka yote. Tulishazoea ubovu wake tukadhani ni tabia yake.

Wiki haikuisha, mke wangu Mwantumu akashikwa na tumbo. Mganga wa zahanati akasema ni kidole tumbo, akapasuliwe siku ile ile hospitali ya bondeni, la sivyo kitapasukia ndani. Mahanyu, dereva, akaiwasha pikipiki. Tukamlaza Mwantumu pale ubavuni, mimi nikapanda nyuma. Maumivu yale, bado akawa na maneno.

“Baba Nuru, wifi zangu wakiniona nimebebwa hivi watasema nimeolewa upya.”

“Wacha waseme,” nikamjibu.

Mteremko wa mashamba ya chai ulipoanza, Mahanyu akakanyaga breki. Akakanyaga tena.

“Shemeji, haikamati.”

Nilidhani ananitania. Kisha nikaona mguu wake umeizamisha pedeli mpaka chini na miti bado inatupita. Akashusha gia, injini ikalia, uzito wetu ukaishinda. Penye kona akaipeleka kwenye ukingo wa udongo ili isitumbukie korongoni. Upande uliogonga ulikuwa upande wa Mwantumu.

Mahanyu na mimi tuliangukia kwenye chai, tukachubuka tu. Nikainuka, nikamfunika mke wangu miguu kwa kanga yake, nikamwambia Mahanyu, “Washa twende, tunachelewa.” Mahanyu akanitazama. Nikamwambia tena, “Washa.” Akaivuta ile kanga mpaka usoni mwa Mwantumu.

Baada ya mazishi mwenyekiti akaita mkutano. Akasema mbele ya watu, “Fundi wenu ametuulia mtu. Kamu yake imevunjika.”

Hoza hakubishana. Akalifungua gurudumu pale pale. Kamu ilikuwa nzima, inang'aa. Akaigeuza kwa mkono, viatu vya breki vikatanuka, vikasimama kabla ya kugusa. Viatu navyo vilikuwa vimelika kidogo zaidi tangu Ijumaa, na katikati palibaki nafasi inayopitisha ukucha. Akaitoa, akailaza ubavuni mwa ile ya zamani. Zilikuwa sawasawa. Akakaa chini kwenye vumbi.

“Ile ya zamani ilishalika,” akasema. “Nimechonga mpaka kulika kwake.”

“Kwa hiyo umekiri,” mwenyekiti akasema.

“Nimekiri. Nawe uliniambia kama hicho, nikafanya kama hicho. Apimaye kilicholika huchonga pengo.”

Mimi, niliyekwenda pale na panga chini ya koti, sikujua tena nimtazame nani.

Hoza akaacha uhunzi. Shekilindi hakuulizwa chochote. Alimaliza muda wake, tukaitwa kuchagua mwingine. Aliyeshinda akasimama mbele yetu, akavua kofia, akatuahidi kwamba atafuata nyayo za mzee Shekilindi, hatazidisha wala hatapunguza. Viongozi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, mjane wa kiume asiye na wa kumpikia. Nikanyoosha mkono, nikaruhusiwa kusema, nami sikuwa na hotuba. Nilimwambia tu:

“Mwenyekiti, apimaye kilicholika huchonga pengo.”