Mke Mwenza wa Chuma

Wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka wa kuswalia uliochakaa, ukili umefumuka na magoti ya mwenyewe yameacha alama. Msala upitao ni ule mpya wenye rangi za kupendeza, lakini u kwapani mwa mtu mwingine, nao waenda zake. Atupaye mkeka wake kwa sababu ya kuvutiwa na wa mpitaji, wakati wa sala huswali sakafuni. Nusura haya yamfike Idarus wa Kibokoni.

Idarus alikuwa mstaafu. Ujanani mwake alifanya kazi katika ofisi moja ya meli karibu na bandari, akiendesha kompyuta ya zamani. Msomaji asidhani ni hizi za kuwekwa mapajani. Ile ilikuwa ndefu kama kabati la nguo. Usoni ilikuwa na safu ya swichi kama meno ya kinanda, na juu yake vitaa vyekundu kama punje za komamanga. Ofisi ilipoipiga mnada, Idarus aliinunua. Mahamali wakaipandisha ngazi kwa kamba huku wakiimba, ikawekwa katika chumba cha mbele, ghorofani.

Mkewe, Bi Swafia, alipoiona alishika kiuno.

"Baba Hadeel, umeniletea mke mwenza?"

"Mwenza gani? Huyu nilimjua kabla yako."

"Ala! Basi huyo ndiye Bi Mkubwa," akasema Swafia, na jina likaganda kama gundi.

Mashine za aina hii huamka hazijui lolote. Mwenyewe sharti azifundishe kwa mkono: ainue swichi hii, ashushe ile, abonyeze, taa ziitikie, kisha aanze tena, kama mwalimu wa chuoni anayemfundisha mtoto alifu na be. Zikishajua hayo machache, ndipo ziwezapo kusoma utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na utepe huo ndio uzipao akili iliyobaki.

Utepe mmoja Idarus aliutunza katika bati la biskuti kuliko mboni ya jicho. Alipokuwa kijana aligundua kwamba redio ndogo ikiwekwa juu ya mashine inayopiga hesabu, redio hulia, na kila hesabu ina mlio wake. Akazipanga hesabu kwa subira mpaka zikatoa wimbo wa vugo aliokuwa akiuimba mamake harusini. Juma la ndoa yake alimwalika Swafia ofisini, na shangazi yake wa kumchunga, akamsikilizisha. Swafia alicheka hata buibui likamvuka mabegani. Hadeel, mtoto wao wa pekee, alikua akisimuliwa kisa hicho, naye kila mara akisema, "Siku ya harusi yangu, aba, Bi Mkubwa aniimbie." Idarus akaahidi.

Lakini Bi Mkubwa alikuwa amepatwa na ububu. Taa zake ziliwaka na swichi zilimwitikia, ila kila alipopewa utepe alisoma upuuzi mtupu. Idarus alimfungua na kumfunga asichoke. Mwenzake katika mapenzi hayo alikuwa Dama, binti wa Kaloleni aliyefundisha kompyuta mjini, ambaye kila Jumapili akitoka kanisani alipanda moja kwa moja hadi ghorofani. Dama alikuwa na programu ya kuigiza katika kompyuta yake, iliyojifanya Bi Mkubwa kwa kila hali. Alikwisha kuyanakili matundu ya ule utepe, moja moja, akayatia humo. Somo hilo la utepe lilipita bila ya kosa.

"Kasoro si somo, Mzee," Dama alisema. "Kasoro ni mwanafunzi."

Harusi ya Hadeel ilipokaribia, Swafia alikitaka chumba cha mbele kwa ajili ya wageni wa kike. "Ama aimbe, ama atoke," alisema. "Ama wataka niwakalishe watu darini kama njiwa?"

Wakati huo akafika Nasser, kijana wa Malindi mwenye mapenzi yayo hayo. Alibeba kifani cha mashine ya kale, ukubwa wake kama sinia la kahawa, chenye swichi na taa zake zote. Ndani yake mlikuwa na kompyuta isiyozidi sanduku la kiberiti, nayo iliigiza kazi yote. Ukikibonyeza mara moja, kiko macho! Idarus alikaa nacho mpaka chai ikaota utando.

"Nakipitisha tu, ami," alisema Nasser. "Wenzangu waningoja Zanzibar."

Idarus aliyasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo upepo barazani. Akili yote ilikuwa katika taa.

"Haya, Bi Mdogo kaingia," Swafia akapiga kofi. "Na Bi Mkubwa atoke."

Idarus hakubisha. Alimpigia simu Ngala wa Makadara, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, aje alasiri hiyohiyo ya Alhamisi na mkokoteni. Dama alipopata habari aliomba ruhusa kazini, akaja mbio.

"Na wimbo wa Hadeel, Mzee?"

"Huyu mdogo ataimba."

Wakampa Bi Mdogo hesabu za utepe, wakamwekea redio juu. Taa zilicheza kama watoto wa Idi. Redio ikafanya 'shhh', basi.

"Ami, huyu aiga hesabu tu," Nasser alisema kwa haya. "Mlio ule watoka mwilini, na mwili huu si ule."

Kabla Idarus hajajibu, simu ya Nasser ililia. Gari lilikuwa likimngoja. Akakifunga kifani chake katika kikoi, akakitia kwapani.

"Waenda naye?" Idarus aliuliza, macho yamemtoka.

"Nilikwambia tangu nilipoingia, ami. Mimi ni mpitaji."

Alipokuwa akishuka ngazi alipishana na Ngala, aliyekuwa akipanda na kamba begani. Idarus akabaki katikati ya chumba, wa kwapani ameondoka na wa chumbani anafuatwa. Chumba cha pili alikuwamo Hadeel, hina mbichi mikononi. "Si kitu, aba," alisema, na akageuka ukutani asionekane uso. Neno hilo lilimchoma babake kuliko lawama.

"Nimwashe mara ya mwisho," Idarus akasema taratibu. "Nimuage."

Akamwasha. Feni zikavuma, taa zikachanua. Wakati huo Swafia aliingia na chetezo, kwani Alhamisi ni siku ya kufukiza nyumba, akakiweka palepale alipozoea kukiweka, chini ya kisomeo cha utepe. Moshi wa udi ukapanda, ukajikunja, ukafyonzwa wote ndani ya kisomeo.

Dama akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama! Hapa wafukiza tangu lini?"

"Waniuliza? Tangu alipoingia. Mke mwenza yuwanuka mafuta ya cherehani, nami nimwache hivyo watu waseme nina wivu?"

Dama akainama. Ndani ya kisomeo kuna kioo kidogo, ndilo jicho lionalo matundu ya utepe kwa mwanga. Kidogo kidogo kilikuwa kimegeuka cha kahawia, hata yeye na Idarus wakaidhani ndiyo rangi yake. Akakisugua kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka nyeusi kama ukwaju. Akasugua tena na tena, na kioo kikang'aa kama tone la maji.

"Hakuwa bubu, Mzee!" Dama akapiga kelele. "Alikuwa kipofu! Kapofushwa na manukato!"

"Mzee, nibebe ama nisibebe?" Ngala akauliza. "Nimesimama na kamba mkononi kama mnyongaji."

"Ngoja, bwana wewe, ngoja!"

Idarus akaanza somo. Vidole vyake vilizijua swichi vyenyewe: juu, chini, chini, juu, bonyeza. Akalifungua bati la biskuti, akaupitisha utepe. Ukashikwa. Ukaenda mbio, tr-r-r-r, ukimwagika upande wa pili kama tambi, na safari hii taa hazikugwaya. Swafia mwenyewe ndiye aliyeleta redio, akaiweka juu.

Redio ikakohoa. Kisha, kwa sauti nyembamba kama zumari ya mbali, wimbo wa vugo ukaanza, sauti ileile iliyomvua Swafia buibui. Hadeel akatokea mlangoni, mikono juu asiharibu hina, anacheka na machozi yanamtiririka, asiweze hata kuyafuta. Swafia akapiga kigelegele kilichofungua madirisha ya jirani. Ngala kamba ilimwanguka, akawa anapiga makofi kwa mwendo.

"Mkokoteni wangu utarudi mtupu," alisema, "lakini wallahi, sina neno!"

Swafia akavua kikuba cha asumini kifuani, akakitundika kwenye swichi ya pembeni.

"Basi wageni watakaa humu humu, tubanane. Na mke mwenza apambwe. Udi tu hapati tena."

Idarus alikuwa ameweka kiganja juu ya chuma chake kikuukuu chenye joto, akisikiliza, na moyoni alijua ya kwamba mwenye kutunza chake ndiye atakayekikuta siku ya haja. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.