Tabibu Aliyempa Mgonjwa Mgongo

Nikisema "Kale," ninyi semeni "Tupeleke." Kale. Haya, twendeni, na wewe unayesinzia hapo ukutani fumbua macho, maana kisa hiki sikirudii.

Kale hiyo, wajukuu zangu, ni kale ambayo hata bibi yake bibi yangu alisimuliwa tu. Palikuwa na mji ukiitwa Kilindo, kando ya mto, na ukungu wa mto ule haukujua kwenda kwao. Asubuhi ukungu, adhuhuri ukungu, alasiri ukungu. Watu wakienda sokoni uliwaona kuanzia kiunoni kwenda juu, miguu hawana. Wanawake wa Kilindo walisuka mikeka, wakasuka na kusuka, na aliyewashinda wote alikuwa Mashavu, mama yake Mboni.

Rangi nyekundu walitia wote, ila siri ya Mashavu ilikuwa kuikoleza kuwashinda. Alikwea mpaka mto unakotokea, akaokota vijiwe vyekundu, akaviponda, akavichemsha chunguni pamoja na miyaa, majani yake ya kusukia. Miyaa ikatoka na wekundu ambao ukiutazama sana unahisi unakuita jina. Na pale Kilindo bibi harusi hakuwa bibi harusi mpaka akalie mkeka mwekundu uliosukwa na mama yake mzazi. Si shangazi, si jirani. Mama, kwa mikono yake. Mboni alikuwa ameshaposwa, na harusi ilikuwa baada ya mavuno.

Basi mikono ya Mashavu ikaanza kutetemeka.

Vilianza vidole viwili, vikaja vitano, ikaja mikono yote. Mdomoni akasikia ladha ya chuma, kana kwamba amelamba jembe. Mate yakamjaa, meno yakalegea. Halafu zikaja ndoto, na zilimjia akiwa macho, mchana, ameketi anasuka. Aliuona mkeka ukiinuka pamoja na ukungu mpaka usawa wa macho yake. Alimsikia marehemu mama yake akipita nje anaimba. Msidhani ilikuwa vibaya, wanangu. Ilikuwa raha, na raha hiyo ndiyo iliyomtisha. Alijua iko siku ataufuata ule wimbo na hatarudi, na mkeka wa Mboni ulikuwa umefika nusu.

Wakampa mizizi, hakupona. Wakampunga pepo, hakupona. Wakambadilishia chumba, chakula, mpaka mlango wa kutokea, hakupona. Mwishowe wakatuma watu milimani kwa Shekigenda.

Huyo Shekigenda alikuwa tabibu wa maradhi yasiyo na jina. Mwindaji mmoja alikuwa akisikia mvua masikioni kiangazi kizima, watu wakasema amerogwa. Shekigenda akalala naye kambini siku tatu, akamtoa kupe sikioni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakuuliza sana, hakupiga ramli. Alihamia kwa mgonjwa, akala anachokula, akanywa anachokunywa, akamtazama.

Alipoingia, Mashavu alimwamkia kwa goti, kisha akaanza kueleza panapouma. Mzee akamkatiza kwa upole. "Usiniambie, mwanangu. Fanya kazi yako nikuone."

Akaketi kigodani mbele yake, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye alipewa, akalima kidogo alfajiri, akarudi kigodani. Akala chungu kimoja nao, akanywa mtungi mmoja nao, yeye asiumwe. Na ajabu ni kwamba mwezi ulipotimia mikono ya Mashavu ilikuwa imetulia. Ndoto zilikatika. Kilindo nzima ikashangilia, isipokuwa mtu mmoja, tabibu mwenyewe. Aliwaambia kwamba hajafanya kitu, kwamba dawa aliyompa ilikuwa uji tu. Wakasema huo ni unyenyekevu, wakamsindikiza.

Akaenda, ugonjwa ukarudi. Wakamwita akaja, ugonjwa ukaenda. Akaenda, ugonjwa ukarudi. Watu wakaanza kusema kivuli chake ndicho dawa, na wazee wa mji, ambao akili zao zilikuwa kama za wazee wengine wote nikiwamo mimi, wakapanga kumwoza mke pale pale ili asiondoke tena.

Alipokuja mara ya tatu mahindi yalikuwa yamekauka mashambani. Mkeka ulibaki dhiraa mbili. Mashavu hakuweza tena kusimama bila kushikwa, na wimbo wa mama yake aliusikia sasa kila siku, karibu zaidi. Mboni alikuwa ameketi ubavuni mwake, anamchania miyaa na kumwekea tayari. Kuchana si kusuka, mila ilikuwa haijavunjika.

Shekigenda aliwatazama. Kisha akauliza, "Mashavu, mimi nikiwapo humu ndani, kuna jambo huwa hulifanyi?"

Mashavu akafikiri. Akasema hakuna, na hakusema uongo. Hakujua.

Basi mzee yule akageuza kigoda chake, akaelekea ukutani, akampa mgonjwa mgongo. Kilindo mtu kumpa mwenzake mgongo lilikuwa tusi, lakini alifanya. Akasema, "Leo mimi sipo. Msiniamkie, msiniulize, sitaitikia. Sukeni."

Mwanzoni waliona haya, wakawa wanakohoa tu. Lakini ukungu ukaingia mlangoni taratibu, ukatanda chumba kizima, ukakimeza na kigoda cha mzee. Kazi ikawachukua. Mashavu akamsahau kabisa. Akaanza kuelea tena, mkeka ukiinuka, mama akiimba, chane nyekundu zikimpita vidoleni moja moja. Na yule aliyetazama ukuta akasikia jambo ambalo macho yake hayakuwahi kuliona. Akasikia uchane uliolowa ukivutwa kutoka mdomoni. Kimya. Ukavutwa tena. Kisha akasikia mdomo wa pili.

Akageuka. Mashavu alikuwa amebana chane tano katikati ya midomo, anazilainisha kwa mate ili zisikatike. Pembeni yake Mboni naye amebana, na midomo yake ilikuwa myekundu.

Mmeelewa, au nirudi nyuma? Wanawake wote wa Kilindo walilainisha miyaa kwa mdomo, tangu na tangu. Lakini mbele ya mzee haikuwezekana, maana mdomo uliojaa hauitikii salamu, na mzee asiyeitikiwa amedharauliwa. Kwa hiyo kila Shekigenda alipoketi mbele yake, Mashavu alilowesha kwa maji ya bakuli. Hakuamua. Adabu ilimwamulia, tangu utotoni. Adabu ikamponya na adabu hiyo hiyo ikamficha tabibu chanzo cha ugonjwa.

"Jiwe lile ni sumu," alisema mzee. "Unalila kwa mate, unalivuta kwa moshi wa chungu. Na mtoto ameanza."

Mashavu aliweza kusikia hilo la kwanza bila kutikisika. Hilo la pili lilimtoa ndotoni. Akautazama mkeka, dhiraa mbili tu, akamtazama Mboni.

"Fungua mdomo," akamwambia.

Mboni akafungua. Ufizi ulikuwa na mstari mweusi, mwembamba. Mashavu alilia kwa sauti, akamkumbatia, akamsukutua mwenyewe kwa maji ya mtungi, mara saba. Kisha akaomba ashikwe mkono. Akauburuta mkeka ule mwekundu mpaka shimo la taka, akaufukia, na chungu juu yake.

Siku ya harusi Mboni alikalia mkeka mweupe, usio na rangi, mwembamba, usukaji wake umepinda hapa na pale kwa sababu mikono iliyousuka ilikuwa bado inatetemeka. Watu wakanong'ona. Mama mkwe akauliza mbele ya wote, nyekundu iko wapi.

"Ilitaka kumla mwanangu," alisema Mashavu. "Nimeinyima."

Kisha mwanamke mmoja akainuka akaenda nyumbani kwake, akarudi na chungu chake cha rangi, akakipasua mlangoni. Akafuata mwingine, na mwingine.

Wajukuu zangu, mficha maradhi, kifo humuumbua, mmeshausikia huo. Lakini yupo afichaye bila kujua kwamba anaficha, naye hufa vilevile. Heshimuni wakubwa, sijasema msiheshimu, ila mbele ya tabibu kaeni kama mnavyokaa peke yenu.

Maneno yangu yamekomea hapo. Tamu yake chukueni mgawane, chungu yake niachieni mimi.